Diski Ikifa, Kazi Isisimame

Kila diski itakufa. Sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma huku kikielea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele, vina siku yao. Nyingine hufika miaka minane, nyingine hazimalizi mwezi. Picha uliyopandisha jana, salio la pesa kwenye simu yako, rekodi zako za kliniki, vyote vimelala juu ya vifaa ambavyo hufa kila siku mahali fulani duniani, na hakuna aliyewahi kukupigia simu kukupa pole. Uliamka, ukafungua simu, ukaona kila kitu kiko, ukaendelea na maisha.

Ukimya huo ulichukua miaka hamsini hivi kutengenezwa. Hadithi yake haisimuliwi sana kwa sababu ni hadithi ya mambo ambayo hayakutokea. Kwa muda mrefu, kuokoa data na kubadilisha diski lilikuwa jambo moja: bila diski mpya mkononi, hakuna kupona. Siku mambo hayo mawili yalipotenganishwa, kazi nzima ya kutunza data ilibadilika. Na kwa maoni yangu, ni sisi huku, ambako diski mpya husubiri LPO, meli na forodha, tunaohitaji kuielewa siku hiyo kuliko hata walioibuni.

*

Tuanzie San Jose, California, Septemba 1956. IBM ilitangaza mashine iitwayo 305 RAMAC, kompyuta ya kwanza ya kibiashara iliyokuwa na diski. Timu iliyoiunda iliongozwa na Reynold Johnson, jamaa aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya upili. Diski yenyewe ilikuwa kabati lenye uzito wa zaidi ya tani moja. Ndani yake mlikuwa na sahani 50, kila moja na upana wa inchi 24, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu yako inaweza kulijaza kabati hilo.

Kabla ya hapo, ukitaka rekodi ya mteja mmoja kwenye tepu, uliipitia tangu mwanzo hadi umfikie. RAMAC ilimruhusu karani kurukia rekodi anayoitaka moja kwa moja. Lakini kabati lilikuwa moja, na likilala, ofisi nzima imelala. Fundi angeitwa, kazi ingesimama, watu wangesubiri. Kwa enzi hizo haikuwa balaa kubwa sana. Kazi nyingi za kompyuta zilifanywa kwa mafungu, na matokeo yakatoka baadaye kwenye karatasi. Mteja hakuwa amesimama dirishani akisubiri jibu.

Mteja alipoanza kusimama dirishani, hesabu iligeuka. Mashine ya kutoa pesa haiwezi kumwambia mtu arudi kesho. Mwaka 1974, James Treybig na wenzake walianzisha kampuni ya Tandem huko California, na mwaka 1976 wakaiuzia Citibank mashine yao ya kwanza. Jina la mashine lilikuwa ahadi yenyewe: NonStop. Wazo lao lilikuwa rahisi kulieleza. Kila kitu muhimu kiwe na pacha. Kila kinachoandikwa kwenye diski moja kiandikwe pia kwenye nyingine. Moja ikifa, pacha wake anaendelea na kazi, na fundi anaichomoa iliyokufa huku mashine bado inawaka.

Hapo ndipo kazi ya kubadilisha diski bila kusimamisha biashara ilipoanza kuwa kazi ya kila siku. Lakini bei yake ilikuwa ya benki. Unanunua vitu viwili ili utumie kimoja.

Tandem pia ilikuwa na mtu aitwaye Jim Gray, na mwaka 1985 Gray aliandika ripoti iliyouliza kwa nini kompyuta husimama. Alipitia kumbukumbu za hitilafu za wateja wa Tandem akakuta jambo lililowashangaza wengi. Vifaa vyenyewe vilisababisha takriban asilimia 18 ya hitilafu. Asilimia 42 zilitokana na uendeshaji: watu waliokuja kurekebisha, kusanidi na kutunza. Ukitengeneza mashine inayovumilia kifo cha diski, hatari inahamia kwa mkono unaokuja kuitoa. Kuna diski mbili, moja mzima na moja maiti, zinafanana kama njugu, na mtu amechoka, ni saa nane usiku. Akichomoa ile nzima, kwisha.

*

Mwaka 1988, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walileta wazo la watu wasio na pesa za benki. Diski kubwa ya IBM 3380, ya kompyuta kubwa za mashirika, ilikuwa na GB 7.5. Diski ndogo ya kompyuta za mezani, CP3100 ya kampuni ya Conner, ilikuwa na MB 100 tu, lakini bei yake ilikuwa ya chini. Kwa nini usizifunge ndogo nyingi pamoja, zifanye kazi ya kubwa moja, na kwa kasi zaidi?

Wenyewe walitaja shida yake waziwazi. Kila diski ndogo ilitarajiwa kuishi kwa wastani wa saa 30,000, zaidi ya miaka mitatu. Ukiweka 100 pamoja, unatarajia moja ife kila baada ya saa 300. Hiyo haifiki wiki mbili. Ukiwa na 1,000, ni saa 30. Kadiri unavyoongeza wanachama wa kundi, ndivyo matanga yanavyokuwa mengi. Sasa utajengaje nyumba kwa matofali ambayo lazima moja lianguke kila wiki mbili?

Jibu lao waliliita RAID. Liko hivi. Chama kina wanachama wanne, kila mmoja ameandika mchango wake kwenye karatasi yake: 200, 300, 500 na 400. Karatasi ya tano ina jumla, 1,400. Mvua ikiharibu karatasi ya tatu, hakuna haja ya kubishana. Unatoa 200, 300 na 400 kwenye 1,400, unapata 500. Umerudisha karatasi iliyopotea kwa kutumia zile zilizobaki. Kompyuta inafanya hesabu tofauti kidogo, ya sifuri na moja, lakini wazo ni hilo. Badala ya kununua pacha wa kila diski, unanunua karatasi moja ya jumla kwa kundi zima.

Dawa ilifanya kazi, na dunia yote ikaimeza. Baadaye hata jina lilibadilishwa. Herufi I, iliyosimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya bei nafuu, ikafasiriwa upya kuwa zinazojitegemea. Muuzaji gani anataka kuuza boksi la mamilioni lililoandikwa "bei nafuu"?

Lakini rudi kwenye chama chetu. Zikipotea karatasi mbili, hesabu imekufa. Kwa hiyo tangu diski ya kwanza ife hadi diski mpya iwekwe na kujazwa, uko uchi. Usalama wa RAID unategemea urefu wa dirisha hilo. Mwaka 1988 lilikuwa dogo. Diski ya MB 100 iliyosoma takriban MB 1 kwa sekunde ingeweza kujazwa yote kwa sekunde 100, kama hakuna kazi nyingine. Sasa chukua diski ya leo ya TB 16 inayoandika MB 200 kwa sekunde. Ni sekunde 80,000, zaidi ya saa 22, na hapo tunadhani haina kazi nyingine, ilhali inayo. Ukubwa umeongezeka mara 160,000. Kasi imeongezeka mara 200. Dirisha lililokuwa la dakika mbili sasa ni la siku nzima, na mara nyingi zaidi ya hapo.

Na katika muda huo, diski zilizobaki zinafanyishwa kazi ngumu kuliko wakati wowote. Kila moja inasomwa mwanzo hadi mwisho ili kumfufua mwenzao, huku watumiaji bado wanadai faili zao. Zilinunuliwa siku moja, kutoka katoni moja, umri mmoja. Kama mmoja amechoka, wengine wako karibu.

Huku kwetu dirisha hilo lina kipande kingine ambacho wale wa Berkeley hawakukiweka kwenye hesabu. Niliwahi kufanya kazi katika taasisi moja hapa Nairobi iliyokuwa na rekodi za sauti: wazee waliohojiwa kwenye kaseti miaka mingi iliyopita, mahojiano yakahamishiwa kwenye boksi la RAID lenye diski nane. Diski moja ilikufa. Hakukuwa na ya akiba kwenye shelfu. Tuliomba mpya siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Ombi likaenda kwa mhasibu, likarudi kwa sababu ya nukuu tatu, likaenda tena, bajeti ya robo ile ikawa imefungwa. Sisi tulikuwa tunapita karibu na boksi lile kwa kunyata, ati tusilitikise. Siku ya kumi na moja diski ya pili ilikufa. Mahojiano mengine yalikuwa na nakala kwingine. Mengine hayakuwa nayo, na kaseti zake zilikuwa zimeshatupwa. Wengi wa wazee wale walikuwa wamefariki. Diski mpya ilifika wiki tatu baadaye, kwenye boksi lake safi, na hapakuwa na kitu cha kuijaza.

Diski mbili kufa ni jambo la kawaida, hesabu ya 1988 ilishalisema. Kilichotumaliza ni kwamba mfumo wetu haungeweza kuanza kupona hadi kifaa kifike. Kupona kulikuwa kumefungwa kwa pingu na ununuzi.

*

Pingu hizo zilianza kulegezwa kwenye karatasi za watafiti. Mwaka 1992, Mark Holland na Garth Gibson, yule yule wa RAID, walichapisha kazi kuhusu kutawanya karatasi za jumla kwenye kundi kubwa zaidi la diski, ili moja ikifa, mzigo wa kuifufua ugawanywe kwa wengi badala ya kuwaponda majirani wachache. Lengo lao lilikuwa kwamba watumiaji waendelee kuhudumiwa wakati ujenzi unaendelea.

Pigo kubwa lilitoka Google. Mwaka 2003, Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung walieleza mfumo wa kuhifadhi faili ambao kampuni ilikuwa inautumia. Kompyuta zake zilikuwa za kawaida, za bei ya chini, kwa mamia. Waandishi walianza kwa kukubali kwamba kufa kwa vifaa ni hali ya kawaida, wakajenga kila kitu juu ya msingi huo. Faili inakatwa vipande vya MB 64, na kila kipande kinawekwa nakala tatu kwenye mashine tofauti. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Google walifika kwenye mafiga matatu kwa njia ya hesabu.

Kinachonivutia zaidi kwenye ripoti ile ni jaribio moja dogo. Waliua seva moja makusudi. Ilikuwa na vipande takriban 15,000, jumla ya GB 600. Hawakuleta seva nyingine. Zile zilizobaki zilianza kunakiliana vipande vilivyopungukiwa, kila moja ikimpa mwenzake kidogo, na baada ya dakika 23 hivi kila kipande kilikuwa na nakala tatu tena. Maiti bado ilikuwa kwenye raki, bado haijazikwa, na hakuna aliyekuwa anaisubiri.

Ni kama msiba kijijini. Usiku ule ule majirani wamechukua watoto, ng'ombe wamekamuliwa, moto umewashwa. Mambo ya nani atarithi shamba yatajadiliwa baadaye, kwa utulivu. Kupona kumeachana na kubadilisha.

Halafu angalia adabu yao. Kundi lilikuwa na seva 227, lakini waliruhusu kazi 91 tu za kunakili kwa wakati mmoja, na kila moja ikawekewa kikomo cha MB 6.25 kwa sekunde. Wangeweza kukimbia zaidi. Walijizuia, kwa sababu watumiaji walikuwa bado ndani ya nyumba. Ukiponya kwa pupa, unajaza mtandao na kuzichosha diski, na mtu anayetafuta barua pepe yake anaona kila kitu kimeganda. Anayeponywa na anayehudumiwa wanakunywa kwenye bomba moja.

Kisha waliua seva mbili kwa pamoja. Vipande 266 vikabaki na nakala moja moja. Mfumo ukaviweka mbele ya foleni, kama wagonjwa mahututi, na ndani ya dakika mbili vyote vilikuwa na angalau nakala mbili. Vingine vilisubiri. Haraka ilitolewa pale tu palipokuwa na hatari ya kweli.

*

Miezi ya kwanza ya 2007 ilikuwa na mambo mengi. Februari, kwenye mkutano mmoja wa wataalamu wa kuhifadhi data huko San Jose, mji ule ule wa RAMAC, zilisomwa karatasi mbili kuhusu vifo vya diski. Moja ilitoka Google, ya Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, waliofuatilia diski zaidi ya 100,000. Diski huwa na kifaa cha ndani cha kujipima afya, na watu wengi waliamini kingewaonya mapema. Google walikuta kwamba asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya zile dalili nne nzito. Ukiona dalili, amini: baada ya hitilafu ya kwanza ya kusoma uso wa sahani, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 zaidi. Lakini ukimya haukuwa ushahidi wa uzima.

Karatasi ya pili ilikuwa ya Bianca Schroeder na, kwa mara nyingine, Garth Gibson. Wao waliangalia takriban diski 100,000 katika maeneo mbalimbali. Vijitabu vya watengenezaji viliahidi saa milioni 1 hadi milioni 1.5, ahadi ambayo ingemaanisha chini ya asilimia 1 zife kwa mwaka. Uwanjani, asilimia 2 hadi 4 zilikuwa zinabadilishwa kila mwaka, na kwingine hadi 13.

Wiki chache kabla ya mkutano huo, tarehe 28 Januari, Jim Gray alitoka San Francisco peke yake kwa mashua, kwenda kutawanya majivu ya mama yake karibu na visiwa vya Farallon. Hakurudi. Marafiki zake walipata picha za setilaiti za bahari, wakazigawa kwa maelfu ya watu wa kujitolea kwenye intaneti, kila mmoja akikagua kipande chake. Kazi ikagawanywa kama mifumo aliyoijenga. Hawakumpata.

Na Machi mwaka huo huo, huku kwetu, M-Pesa ilizinduliwa. Mama mboga, mwenye matatu, mwanafunzi wa bweni, wote wakaanza kuwa na maisha yao kwenye seva bila hata kulijua hilo neno. Kwa hiyo swali la diski iliyokufa halikuwa tena la wanasayansi wa California. Likawa la kila mtu aliyesimama kaunta akisubiri meseji iingie.

*

Kwetu sisi tusio Google, mlango ulifunguliwa na programu huria. Sage Weil, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, aliandika Ceph kama kazi yake ya udaktari, akaieleza hadharani mwaka 2006. Jina limetokana na jamii ya pweza na ngisi. Mfumo wa Google ulikuwa na kiongozi mmoja aliyejua kila kipande kiko wapi. Ceph haina daftari kama hilo. Ina kanuni ya hesabu iitwayo CRUSH: ukiwa na jina la data na ramani ya diski zilizopo, unakokotoa mwenyewe mahali pa kuipata. Kila mtu anafika jibu lile lile bila kuuliza. Leo inatumika hata CERN, kule Uswisi wanakogonganisha chembe za atomu, na pia kwenye vyumba vidogo vya seva hapa Nairobi.

Nimetunza mojawapo ya klasta hizo, kwa hiyo naweza kueleza kifo cha kawaida kinavyokwenda. Diski inanyamaza. Majirani zake wanagundua hajibu, wanapeleka habari kwa seva zinazoshika ramani. Watumiaji wanaendelea kuandika na kusoma kwenye nakala mbili zilizobaki. Kwa kawaida Ceph inasubiri dakika 10, kwa sababu huenda ni kebo imelegea au mtu amewasha upya seva. Dakika 10 zikipita, inamhesabu marehemu kuwa ametoka, na majirani wanaanza kutengeneza nakala ya tatu kwenye nafasi walizo nazo. Mimi naweza kuwa nimekwama Thika Road wakati huo wote. Asubuhi klasta ni nzima. Ni ndogo kidogo tu.

Kama diski ni mgonjwa lakini bado inapumua, kuna njia ya upole zaidi. Huichomoi. Unaiambia klasta isiihesabu tena kwenye ramani, lakini unaiacha iwake. Data yake inahamishwa taratibu, na nakala ya zamani inaendelea kuhudumia hadi mpya ikamilike. Hakuna dakika hata moja ambapo kuna nakala pungufu ya tatu. Kisha unauliza klasta kama ni salama kuiondoa, nayo inajibu ndiyo au hapana. Ikisema hapana, unasubiri.

Halafu kuna makosa ya haraka. Mtu anaifuta diski iliyokufa kwenye ramani kabisa. Ramani ikibadilika, hesabu zinabadilika, na data inaanza kuhama huku na kule hata kwa diski zisizo na shida. Kesho anaweka diski mpya kwa namba mpya, hesabu zinabadilika tena, data inahama mara ya pili. Klasta nzima inahema siku mbili kwa ajili ya diski moja. Toleo la Luminous la mwaka 2017 lilileta njia ya kumtangaza marehemu amekufa huku namba yake ikibaki wazi. Diski mpya inarithi namba ile ile, kiti kile kile, na inajazwa data ya kiti hicho tu, kwa kasi uliyoiwekea kikomo.

Na kama una diski ya akiba mkononi na utamaliza kwa dakika chache, unaweza kupandisha bendera iitwayo noout, kuizuia klasta isianze kuhamisha chochote. Ni sawa kwa muda mfupi. Lakini ukumbuke kuishusha, maana bendera ikibaki juu, umeirudisha klasta kwenye pingu zile zile: haiponi hadi mtu aje.

Mwisho ni mkono, kama Gray alivyosema. Unawasha taa ya diski husika ili imulike. Unalinganisha namba ya kiwanda kwenye skrini na ile uliyoandika. Unamwita mwenzako asome kwa sauti. Ndipo unavuta.

*

Sharti la utulivu huu wote ni moja, na ndilo linalovunjwa zaidi huku kwetu: nafasi tupu. Majirani hawawezi kuchukua watoto kama nyumba zao zimejaa. Ceph huanza kulalamika diski ikifika asilimia 85. Ikifika 90, inakataa kupokea data ya uponyaji. Ikifika 95, inasimamisha kuandika kabisa. Nimeona bosi akiangalia klasta iliyo na theluthi tupu akauliza kwa nini tunataka pesa zaidi wakati kuna nafasi tele. Kwa jicho lake ile ilikuwa shamba lisilolimwa. Ilikuwa hospitali yenyewe.

Kwa hiyo nikiulizwa historia hii inatufaa nini, najibu kwa bajeti. Hatuwezi kuifanya meli ije haraka, wala kumharakisha mhasibu wa robo ya mwisho. Lakini tunaweza kununua mapema nafasi ambayo data itakimbilia, ili diski mpya ikichukua wiki sita kufika, ziwe wiki sita za kusubiri kifaa tu. Gharama yake ni diski chache zinazoonekana hazifanyi kazi. Hospitali ya kaunti, maktaba, SACCO, chuo, wote wana rekodi ambazo kaseti zake zilishatupwa.

Siku ukikutana na anayetunza data yako, usimuulize ana terabaiti ngapi. Muulize ameacha ngapi tupu, na nani aliziidhinisha.